Tundu la Sita

Anyango wangu,

Uko chumbani kwako, ukuta mmoja tu baina yetu, nami nimeketi hapa karakanani nikikuandikia kana kwamba umekwisha kufika chuoni Eldoret. Usinicheke. Miaka ile ulipokuwa Sondu kwa dani, nyanya yako, nami nikiwa chuo kikuu, tuliishi kwa barua. Tuliandikiana kwa Kiswahili kwa sababu mwalimu wako alikuwa akikusifu sana kwa lugha hiyo, na mimi sikutaka kupitwa na mtoto wa darasa la tatu. Tangu wakati huo nimezoea kuiachia kalamu mambo ambayo mdomo wangu huyakwepa.

Habari za shuka, za chandarua na za kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, sitaziandika. Dani amezitaja zote kwa simu, mara mbili, na kwa jinsi ninavyomfahamu mama yangu atazitaja mara ya tatu gari likiwa limekwisha kuwashwa. Mimi nina neno moja tu, nalo limenichukua miaka mitano kulifikia.

Juzi ulikuwa ukikunja sare zako nyeupe juu ya kitanda. Nilisimama mlangoni nikitazama jinsi unavyozilaza mikono kwa ndani, kama mtu anayemlaza mtoto asimwamshe. Ukasema bila kugeuka, "Mama, nikifika nitaomba wanihamishe. Kuna kozi ya kutunza faili za wagonjwa. Uuguzi, na hii mikono yangu? Nitamdunga mtu sindano kweli? Si unajua."

Ulicheka uliposema "si unajua". Nami nikacheka pamoja nawe, Anyango, kisha nikaja huku nikaifagia sakafu iliyokuwa imekwisha kufagiwa.

Naam, najua. Najua kukushinda. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, asubuhi jua lilipokuwa limepanda, na ndipo ukapewa jina lako. Dani alikuchukua Sondu ili nirudi shuleni, na nikarudi, nikasoma kwa pupa ya mtu anayehisi kwamba kila ukurasa amemwibia mtoto wake. Nilipohitimu uhandisi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hukuniona nilivyotembea wiki ile. Nilikuwa nikipita mtaani Manyatta na bahasha ya shahada chini ya kwapa, hata nilipokwenda kununua sukuma wiki. Nilitaka kila mtu aniulize ni nini ile. Nikapaka jina langu kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, na neno Mhandisi likiwa kubwa kuliko jina lenyewe. Yule jirani yetu mwenye bodaboda hakukosa la kusema kila alipopita.

"Injinia! Leo tena unatoboa dunia?"

"Nikitokea ng'ambo ya pili nitakusalimia," nilimjibu.

"Usisahau kuniletea tisheti!"

Mashine ya kutoboa niliinunua soko la Kibuye, ya mtumba, ikaletwa kwa mkokoteni: kichwa peke yake, nguzo peke yake, meza peke yake, kama mwili wa mtu aliyetawanyika usingizini. Nikaiunganisha. Ilipowaka kwa mara ya kwanza ilitoa mvumo wa chini sana, nikahisi sakafu ikinijia miguuni. Ndipo nikakuita uje uishi nami. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mkimya, na viatu vya kamba ulivyokataa kuvivua hata ndani ya nyumba, kwa kuwa hukuwa na hakika kwamba umekuja kukaa.

Tulikuwa wageni, mimi nawe, na chuma ndicho kilichotujulisha.

Mzee Sohan ndiye aliyetuletea chuma kile. Unamkumbuka, yule Kalasinga mwenye kilemba cha rangi ya ndizi mbivu na kinu cha kukamulia miwa huko upande wa Kibos, ambako sukari guru hupikwa hadi hewa yote inanata. Alikuwa mtu wa kwanza kunipa kazi kubwa. Mabamba mawili ya kushikilia magurudumu ya kinu, kila moja lina unene wa vidole vitatu vilivyolazwa pamoja, na kila moja lilitakiwa litobolewe matundu matatu, upana wa kisahani cha chai. Matundu sita. Viwanda vikubwa vina mitambo inayofanya hivyo ukiwa unakunywa chai. Sisi tulikuwa na mashine ya Kibuye, umeme wa nyumbani, na msumeno wa duara, kile kikombe cha chuma chenye meno ukingoni.

Mzee Sohan aliketi juu ya kreti la soda akanitazama nikipima.

"Haraka iko ya nini, Injinia? Chuma hii hapana kimbia."

"Sina haraka, Mzee."

"Iko. Naona kwa bega yako." Akakunja kidole, akagonga bamba pembeni kidogo mwa mstari wangu. "Hapa, ndani ya mstari, toboa tundu ndogo kwanza, mpaka chini. Chenga ipate mlango. Uchafu ikikosa mlango, itakula meno yako yote."

Chuoni hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Msumeno ukizama katika chuma kinene, chenga zinazosagwa hujaa katika mfereji wake, hazina pa kwenda, meno yanasaga chenga badala ya kukata, chuma kinapata joto, na msumeno unaweza kukwama. Ukitoboa tundu dogo linalogusa njia ya msumeno, chenga zinadondokea humo, na kazi inakwenda kama mtu anayepumua. Nilimshukuru kwa adabu. Moyoni nilijiambia kwamba ningeligundua mwenyewe.

Siku zile, Anyango, mpaka leo nikifumba macho zinakuja bila kuitwa. Ukanda wa mashine tuliuweka kwenye kasi ya chini kabisa, msumeno ukazunguka polepole kiasi kwamba uliweza kuhesabu meno yake, na wewe ukasimama na kopo ukimimina mafuta kwa mkondo mwembamba kama uzi. Kimoshi cha samawati kilipanda, kikajipinda kwenye miale iliyopenya matundu ya misumari darini. Hatukuzungumza. Kulikuwa na mvumo ule, na harufu ya mafuta ya moto, na upepo wa ziwa ukiingia kwa chini ya mlango, na mara kwa mara nilisahau kama tuko mchana au kama tuko ndani ya ndoto ya mashine yenyewe. Kikombe cha msumeno hakikuwa na kina cha kuvuka unene wote. Kwa hiyo tulikata hadi katikati, tukafungua vibanio, tukalipindua bamba kama watu wanaopindua godoro, tukabana tena, tukakata kutoka upande wa pili mpaka vile viduara viwili vikakutana gizani, ndani ya chuma, mahali ambapo hakuna jicho lililowahi kufika. Kisha kipande cha katikati kilianguka. Dum. Kizito, cha mviringo, chenye joto la mkate.

Kazi ya kukaza vibanio ilikuwa yako. Nilikupa spana, nikakuonyesha mara moja tu, na ulikuwa ukikaza, ukirudi nyuma hatua moja, ukitazama, kisha ukirudi kukaza tena robo ya mzunguko. Sikukufundisha kurudi nyuma vile. Ulikuja nako kutoka Sondu.

Vile vipande vya mviringo akina mama wauza samaki wa Dunga walivichukua wavitumie kugandamiza nyavu za kuanikia omena, upepo usizifunue. Na bamba la kwanza lilipokamilika tulilisimamisha ukutani, nawe ukachuchumaa, ukachungulia kwenye tundu kupitia mlango wazi, huko chini ambako ziwa huonekana kama kipande cha bati kilichosahauliwa.

"Mama, njoo uone. Ziwa limekuwa duara."

Nikachungulia. Kichwa chako kilikuwa karibu na changu. Ulikuwa umevua viatu.

Matundu matano tuliyakata hivyo. Sasa nakuja kwenye la sita, na nitaliandika kwa utaratibu, kwa sababu wewe umekuwa ukilikumbuka vibaya na kosa la kukumbuka vibaya si lako.

Asubuhi ile Mzee Sohan alipiga simu akasema atapitia saa nne kutazama. Mara moja nikapata picha kichwani: anaingia, na wakati uleule kipande cha mwisho kinaanguka mbele ya miguu yake. Nilitaka aone. Nilitaka akawaambie wenye viwanda wote wa Kibos kwamba kuna mwanamke Manyatta. Kwa ajili ya picha hiyo nikaruka lile tundu dogo la chenga. Ulinikumbusha. Ulisema, "Mama, mlango wa uchafu bado," nami nikakujibu, "Hili la mwisho litaenda tu."

Upande wa kwanza ulikaza wewe, kwa spana, kama kawaida yako, ukarudi nyuma, ukaongeza robo. Tukakata hadi katikati. Msumeno ulilia lakini haukukwama, kwa sababu bamba lilikuwa limeshikwa na mikono yako.

Kisha tukapindua. Spana ilikuwa imeanguka nyuma ya kreti. Ukainama kuitafuta. Saa ilikuwa nne kasoro kidogo, nikasikia gari likisimama barabarani, na mimi, Anyango, mimi mwenyewe, nikavikaza vibanio vyote viwili kwa vidole. Kwa vidole tu, kama mtu anayefunga chupa ya mafuta ya kupikia. Ulipoinuka na spana mkononi nilikuambia, "Tayari. Iweke chini, shika kopo, simama hapa." Ulisimama pale nilipokuambia. Uliweka mkono wako wa kushoto pale ulipouweka kila siku.

Yaliyofuata unayajua, ingawa yalikwenda upesi. Chenga zikajaa, meno yakakwama, mashine haikusimama, na kwa kuwa hakuna kilicholishika, bamba lenyewe ndilo lililozunguka. Kona yake ikakibana kidole chako cha mwisho kwenye nguzo, ikakiponda ncha. Nilizima swichi. Kukawa na ukimya ambao hadi leo huniamsha. Ulikuwa ukitazama ncha ya kidole chako kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Na hapo mlangoni akasimama Mzee Sohan.

Alikuwa wa kwanza kukufunga kitambaa. Alikitoa mfukoni, akakifunga kwa nguvu, akakuambia, "Tazama mimi, beti, mtoto yangu, tazama macho yangu, hapana tazama huko." Kisha, akiwa bado ameushika mkono wako, akauliza bila kuniangalia, "Nani alikaza hii?"

Nikasema, "Anyango ndiye hukaza."

Nimeyapima maneno hayo kwa miaka mitano. Hakuna hata moja lililo la uongo. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaza. Hata bamba lile ulikuwa umelikaza, upande mmoja. Sikuongeza kitu, niliacha tu upande wa pili bila kuugusa. Laiti ningedanganya kabisa, pengine ningeshtuka na kujirudi. Lakini lile lilikuwa neno safi, nikalibeba hospitalini, nikamweleza daktari, nikampigia dani nikamwambia, na dani akasema, "Mtoto huyu hasikii," nami nikanyamaza.

Na wewe, ukiwa umelala ubavu ndani ya gari la Mzee Sohan, ukiwa mweupe midomo, ulinishika kanga ukasema, "Pole, Mama. Nilidhani nimekaza."

Ulikuwa hukumbuki, nyathina, mwanangu. Daktari alisema mshtuko hufuta dakika chache. Ulikuwa na shimo mahali pa kumbukumbu, na mimi nikalijaza kwa lililonifaa.

Mzee Sohan alirudi baadaye kuchukua mabamba yake, ili tundu la sita likamaliziwe na fundi mwingine. Aliitazama spana iliyokuwa bado sakafuni karibu na kreti, akavitazama vibanio, akanitazama mimi kidogo. Akasema, "Injinia, mtoto apone." Hakuniletea kazi nyingine. Nilijiambia kwamba amezeeka.

Labda utauliza kwa nini sikusema kesho yake, au wiki iliyofuata. Nimejiuliza pia, na majibu yangu yote yana sura nzuri nisizoziamini. Nilikuwa nimekupata kwa miezi minne tu baada ya miaka kumi na mitatu. Niliogopa ungerudi Sondu. Niliogopa dani angesema kwamba nilichukua shahada nikaacha akili. Hayo ni kweli. Lakini chini kabisa kulikuwa na jambo dogo zaidi na baya zaidi: ilikuwa rahisi. Ulikuwa umekwisha kuomba msamaha, na nikaupokea.

Baada ya hapo nilikuona ukipungua mbele ya macho yangu. Hukuingia tena karakanani. Ukiitwa kubeba sufuria ya chai kanisani ulisema, "Mpe mwingine, mimi nitamwaga." Mtoto wa jirani alipozaliwa kila mtu alimpakata, wewe ukaketi juu ya mikono yako. Niliona. Kila mara nilijisemea kwamba ni tabia yako ya upole, na nikaenda kuwasha mashine.

Mimi nimeendelea kutoboa. Huko nako nilijifunza, lakini kwa gharama yako. Tundu la chenga siliruki hata kama mwenye kazi amesimama na gari linanguruma. Nikilipindua bamba narudia kila kitu tangu mwanzo, kana kwamba upande wa kwanza haukuwahi kuwapo. Nikishakaza, narudi nyuma hatua moja, natazama, kisha naongeza robo ya mzunguko. Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza nani alinifundisha hivyo. Huwaambia ni fundi mmoja wa Sondu. Wanadhani ni mzee.

Sikuandikii ili ubaki kwenye uuguzi. Huenda faili zikakufaa, huenda unazipenda, na mtu anayetunza kumbukumbu za wagonjwa vizuri huokoa watu pia. Ila usiende huko kwa sababu ya mikono yako. Mikono yako haikuachia kitu siku ile. Mimi ndiye niliyekaza upande wa pili. Mtu akikuuliza kama unaaminika kushika sindano, mfikirie mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyekaza mara kumi na moja bila kosa, na mara ya kumi na mbili hakupewa nafasi.

Leo saa tisa nilimpigia dani. Nilimweleza yote, kwa Dholuo, lugha ambayo siwezi kuipamba. Nilisikia kuku wake na mtu akipasua kuni.

"Kwa hivyo mimi nimemwita mtoto hasikii miaka yote hii," akasema, "na wewe unasikia tu."

"Ndiyo, Mama."

"Aya. Na yeye umemwambia?"

"Namwandikia barua. Ataisoma akiwa njiani."

"Barua!" Hapo alipandisha sauti. "Uliposema ni yeye, uliandika barua? Si ulisema na mdomo, mbele ya watu? Sasa mtoto apewe ukweli kwenye gari, akae nao kati ya watu hajui, akilia nani amshike? Wewe nawe umesoma mpaka wapi?"

Akakata simu. Dani hajui kuaga, unamjua.

Nimeketi tangu wakati huo nikijifanya kwamba barua hii lazima iishe vizuri kwanza. Nimefuta sentensi, nimetafuta maneno, nimepanga aya kama mtu anayetaka apewe alama. Wakati wote huo nakusikia upande wa pili wa ukuta ukiivuta zipu ya begi, ikikataa, ukiivuta tena.

Naiacha hapa. Naja kubisha mlango wako sasa, kabla hujaamua kulala mapema, na nitalisema lote nikiwa nimesimama, kwa mdomo uleule. Ukitaka kunifukuza chumbani, nifukuze. Ukitaka kupiga kelele, majirani wasikie. Nilikutaja mbele ya watu. Karatasi hizi nitakupa baadaye, uwe nazo tu, zikiwa na jina langu chini, ili siku yoyote utakapoanza kusahau ni nani aliyekaza, uwe na mahali pa kusoma.

Mama yako,
aliyekaza kwa vidole.